Mchanga wa Bure

Suruali ndiyo iliyomsaliti. Mdomo wake ulikuwa umejipanga vizuri na uso ulikuwa mkavu, lakini suruali, ambayo haikusoma chuo chochote, ilisema kweli mbele ya beseni.

Mama alikuwa ameinama uani, anafua. Alipokunjua mapindo ya miguu ya suruali, mchanga ulimwagika ndani ya maji, na povu jeupe likageuka rangi ya chai ya maziwa. Akamwaga, akateka mengine. Nayo yakageuka.

"Wee Kijiko," aliita bila kuinua kichwa. "Huu mchanga gani unaochuja kama kitambaa cha bei rahisi?"

Kijiko alikuwa mlangoni, anakula. Jina hilo alipewa nyumbani akiwa na miaka tisa, kwa sababu kila baba yake alipomwita aje kushika mwiko wa kujengea, alimkuta ameshika kijiko. Chuoni hawakulijua. Chuoni walimwita Injinia, ingawa alisomea utunzaji wa kumbukumbu za ofisi, na kitu kirefu kuliko vyote alichowahi kukisimamisha mpaka wiki ile kilikuwa rundo la mafaili.

"Vumbi tu hilo, mama. Kazi ya ujenzi ina vumbi."

"Vumbi," alisema baba.

Baba alikuwa amekaa kwenye stuli, na mguu wake wa kulia umekaa kwenye stuli nyingine, umeviringishwa bandeji kama kichanga. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi mwashi. Alipanda ghorofa za watu bila kuteleza hata siku moja, kisha mafuriko yakamkuta chini kabisa, sebuleni kwake, anaokoa cherehani ya mkewe. Akakanyaga bati lililokuwa limezama. Cherehani haikupata hata mkwaruzo.

"Hebu niletee huo mchanga."

Mama alimletea konzi moja, ungali na maji. Baba aliusugua kwenye kiganja, taratibu, akaumwaga chini, akamwonyesha mwanawe mkono. Kiganja kilikuwa kimepakwa tope hadi kwenye mistari.

"Umeona? Mchanga wa kujengea ukiusugua unakuachia mkono msafi. Huu umenipaka. Huu ni tope lililovaa nguo za mchanga. Mmeupata wapi?"

"Tumenunua," alisema Kijiko. "Lori zima."

Uongo huo ulitoka laini kama siagi, naye akajishangaa, maana kila akitafuta maneno ya kweli huwa anakwama.

Ukweli ulikuwa hivi. Mto uliingia shuleni ukaondoka na ukuta mmoja wa darasa la saba. Chuo kikatuma wanafunzi kumi na wawili waende kujitolea, na pesa kidogo ya vifaa. Walipoulizana nani anajua ujenzi, Kijiko alisimama akasema, "Mimi nimezaliwa kwenye saruji." Jambo hilo lilikuwa kweli kwa kiasi fulani: siku aliyozaliwa, baba yake alifika hospitalini na viatu vya kazi. Wakamfanya msimamizi. Siku ya kwanza aliona katikati ya uwanja wa shule lundo kubwa la mchanga ulioachwa na mafuriko, laini, unang'aa kwenye jua. Akapanda juu yake akauliza, "Kwa nini tununue kitu ambacho mto umetuletea mlangoni?" Wenzake wakampigia makofi. Hakuwahi kupigiwa makofi maishani mwake, na makofi ni kitu kibaya kumpa mtu asiyeyazoea. Pesa ya mchanga ikageuka rangi ya ukuta, fulana kumi na mbili, na jiwe bapa lililochongwa majina ya wote waliojitolea. Jina lake lilikuwa la kwanza, na mbele yake pamechongwa: Msimamizi Mkuu wa Ujenzi.

"Kama mmenunua, mmepunjwa," alisema baba. "Niambie aliyewauzia. Nitamfuata na mguu huu huu."

"Baba, pumzika."

"Nilikuambia nije nitupe jicho. Ukasemaje?"

"Nilisema ni kazi ya wanachuo."

Hakusema lililobaki: kwamba aliionea haya kaptula ya baba yake yenye madoa ya miaka kumi, na sauti yake ya kuita watu waliopo ghorofa ya nne, na zaidi ya vyote lile jina, Kijiko, likitamkwa mbele ya wenzake.

Mdogo wake aliingia na madaftari kifuani. Alikuwa darasa hilo hilo la saba, mtoto wa mwisho, mwenye ulimi unaokata pande zote mbili.

"Kaka, nimeshachagua dawati. Lile la nyuma kabisa, linalogusa ukuta wako. Nikisinzia, naegemea."

"Kaa mbele," alisema Kijiko haraka mno.

"Mbele kuna mwalimu."

"Mbele unaona ubao vizuri."

"Macho yangu mazima. Si wewe uliyesema ukuta ule utatuzika sote?"

Alimaanisha utadumu kuliko wote. Lakini Kijiko alilisikia neno lile kama lilivyo, akaweka sahani chini. Baba alimtazama muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunawa kiganja. Nyuma ya mama, mahali ambapo zamani palikuwa na ukuta wa jiko, shuka la maua lilipepea na kuonyesha sufuria kwa majirani.

*

Kesho yake Jumamosi, saa nne asubuhi, darasa lilikuwa likabidhiwe. Saa kumi na mbili Kijiko alikuwa tayari pale, peke yake, na msumari alioutoa kwenye kopo la baba yake. Alijiambia anakwenda kuhakikisha. Mtu anayejua ukweli hupenda sana kwenda kuhakikisha.

Alikwaruza kati ya tofali na tofali. Rangi ya samawati ilibanduka, na nyuma yake ule mchanganyiko ukaanza kumwagika, kwanza kidogo, kisha kwa mfululizo, kama sukari kutoka kwenye pakiti iliyotoboka. Alisogeza tofali kwa kidole. Likatikisika kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Hapo mtu mwenye akili angekimbia kumwita mwalimu mkuu. Msimamizi Mkuu wa Ujenzi alitazama kulia, akatazama kushoto, akatafuta cha kuzibia tundu. Mfukoni alikuwa na hotuba yake, kurasa tatu zilizochapwa. Akauchukua ukurasa wa pili, akaukunja mara nne, akaushindilia ndani, akapaka juu rangi iliyobakia darasani. Kisha akarudi nyuma hatua tano, akakunja mikono na kukubali kwamba kwa mbali hauonekani.

Alirudi nyumbani kuoga, akarudisha msumari kwenye kopo.

*

Viti vilipangwa ndani ya darasa lenyewe, safu nne, vikitazama ukuta wa samawati. Mbele alikaa mwalimu mkuu, mwanamke mfupi aliyekuwa amelala shuleni wiki mbili akilinda madawati yaliyopona, na kando yake mgeni rasmi, bwana wa suti aliyekuwa akitazama saa. Wanachuo walisimama ubavuni na fulana zao. Kiongozi wao, msichana aliyeitwa na wenzake Mwenyekiti, alikuwa ameinua simu anarekodi kila kitu, hata mbuzi aliyepita dirishani.

Nje pakasikika gurudumu likilia kwa kukosa grisi. Mlangoni ikatokea toroli. Nyuma yake mdogo wa Kijiko anasukuma huku akihema, na ndani yake, juu ya gunia, amekaa baba kama mfuko wa saruji ulioletwa na kuchelewa, mguu wa bandeji umetangulia mbele kama mzinga.

"Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo!" alinguruma kwa ile sauti ya ghorofa ya nne. "Kijiko! Njoo unisogeze kivulini, jua linanichoma kipara!"

"Kijiko ni nani?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ni huyo Injinia wenu," alisema mdogo wake. "Nyumbani hatuna injinia."

Simu iligeuzwa, ikamrekodi. Wanachuo kumi waliuma midomo, na mmoja hakuweza, akatoka nje. Kijiko alishika mikono ya toroli, masikio yanawaka, akamsukuma baba yake hadi pembeni. Hapo baba alimshika mkono, akaongea kwa sauti ambayo Kijiko hakujua kama anayo, ndogo kabisa.

"Msumari wangu umerudi kwenye kopo na unga wa mchanga. Na rangi ya samawati."

Kijiko aligeuka kuutazama ukuta.

"Sikuja kukusemea. Msimamizi ni wewe, si mimi. Ila mdogo wako hataketi chini ya ukuta ule. Na mtoto wa mwenzangu pia hataketi." Akampa msumari, akafunga vidole vya mwanawe juu yake. "Haya, wanakuita."

Kweli walikuwa wanamwita. Kijiko alisimama mbele, akafungua karatasi. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Aliwashukuru wote, akamshukuru mgeni rasmi mara mbili. Akafunua, akakutana na ukurasa wa tatu, unaoanza na maneno "na ndiyo maana ukuta huu ni imara." Ukurasa wenye sababu za uimara haukuwapo.

Aligeuza karatasi mbele na nyuma. Mtu akakohoa. Mbuzi akapita tena.

"Ukurasa wa pili," alisema Kijiko, "uko ndani ya ukuta."

Watu walicheka na kupiga makofi wakidhani ni namna ya kuongea ya wasomi. Makofi yale yalimuuma kuliko kofi. Aligeuka, akauendea ukuta, akatoboa rangi kwa msumari na kuuvuta ule ukurasa, umekunjwa mara nne, una samawati pembeni. Akaukunjua. Kisha akashika tofali lililokuwa juu yake kwa mkono mmoja, akalitoa kama mtu anayetoa kitabu kwenye rafu, akaliweka mezani mbele ya mgeni rasmi.

Safu ya kwanza yote ikarudisha viti nyuma kwa pamoja.

"Mchanga tuliuokota hapo uwanjani," alisema. "Una tope. Nimeujua jana, nikaambiwa na suruali. Leo alfajiri nimehakikisha, nikaziba. Niliwaambia wenzangu nimezaliwa kwenye saruji. Nasomea mafaili. Aliyezaliwa kwenye saruji ni yule pale kwenye toroli, naye aliomba aje kuangalia, nikamkatalia, kwa sababu ya kaptula yake."

Baba aliitazama kaptula yake, kama vile ndiyo kwanza anaiona.

"Injinia," alisema Mwenyekiti, simu imemshuka hadi kiunoni, "tumeshavaa fulana!"

"Naona."

"Tumeshatuma picha!"

"Tutume nyingine."

Mgeni rasmi alikumbuka ana mkutano. Alimpa mkono mwalimu mkuu, akapita mbali na ukuta, akaondoka. Mwalimu mkuu hakumsindikiza. Alikuwa anaangalia tofali lile mezani.

"Jumatatu watoto wanarudi," alisema taratibu. "Nimewaambia wazazi wao. Wengine wamekaa nyumbani mwezi mzima. Nikiwaambia tena wasubiri, kuna mabinti hapa sitawaona tena kwenye dawati. Mimi nawajua, kwa sura." Akamgeukia Kijiko. "Sikugombezi, mwanangu. Nakuuliza tu. Jumatatu nawaweka wapi?"

Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, Kijiko hakutunga jibu.

"Mita sita," alisema baba kutoka kwenye toroli. Wote wakageuka. "Paa limebebwa na nguzo, halihitaji ukuta huu, kwa hiyo tunaubomoa bila wasiwasi. Matofali ni mazuri. Saruji?"

"Imebaki mifuko mitano," alisema Mwenyekiti. "Tulibania."

"Nimeona mlivyobania. Watu kumi na wawili, siku mbili. Mkinisikiliza, Jumapili jioni umesimama. Watoto wabanane upande wa pili wiki moja mpaka ukomae. Kinachokosekana ni mchanga."

"Mchanga upo," alisema mdogo wa Kijiko. "Nyumbani, nyuma ya jiko, chini ya turubai."

"Huo si wangu," alisema baba, na sauti ikashuka. "Huo una mwenyewe."

*

Mwenyewe alikuwa kwenye cherehani. Mafuriko yalikuwa yameondoka na sare za nusu ya shule, na mama alikuwa ameshona mashati arobaini na mawili kabla hajaweza kununua mchanga ule, uliochekechwa, msafi, unaosubiri mguu wa mumewe upone ili jiko lipate ukuta. Kila jioni aliinua pembe ya turubai, akauangalia, akaifunika.

Kijiko alisimama mbele yake. Alikuwa ameacha wenzake njiani na toroli tatu, wanajifanya wanatazama miti.

"Mama."

Cherehani iliendelea.

"Mama, ule mchanga hatukununua."

"Najua. Nimefua tope la mto ule wiki tatu kwenye mapazia yangu. Ulidhani sitalitambua kwenye suruali yako?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza. Ukanijibu vumbi."

Alikata uzi kwa meno. Kijiko alikuwa ametunga njiani maneno mazuri juu ya elimu na kesho ya taifa. Aliyatafuta yote, akaona yamebaki kwenye miti na wenzake.

"Naomba mchanga wako," alisema. "Wote. Mdogo wangu asiangukiwe."

"Halafu mimi nipike mbele za watu mpaka lini? Jana jirani ameniambia nimezidisha chumvi. Kaniambia akiwa kwake!"

"Nitaulipa."

"Kwa mafaili?"

Akainama. Mama aliacha gurudumu la cherehani lizunguke lenyewe mpaka liliposimama.

"Nani anayeniomba? Injinia au Kijiko?"

"Kijiko, mama."

"Injinia ningemwambia arudi kwa mto wake, si ndio unaomgawia mchanga." Akanyanyuka, akaenda uani, akalivuta turubai kwa mikono miwili kwa nguvu, kama mtu anayebandua plasta ili maumivu yaishe upesi. "Kijiko achukue. Lakini lile jiwe mliloandika majina, lije hapa. Nimetoa ukuta, sitabaki mikono mitupu."

*

Waliubomoa ukuta kwa saa moja na nusu, bila nyundo. Matofali yalitoka mazima, masafi, hakuna hata moja lililovunjika, na baba akasema huo ndio ulikuwa ubora pekee wa ukuta ule. Aliongoza kazi akiwa kwenye toroli, timazi ya kupimia wima mkononi, na kila walipohitaji toroli ya nne ya kubebea mchanga ilibidi kwanza wamteremshe yeye.

"Kijiko, maji yamezidi! Hupiki uji! Mwenyekiti, hilo tofali limelala, liamshe. Wewe mrefu, weka simu mfukoni, uzi haushikwi kwa meno. Kijiko!"

Kufikia alasiri kila mtu alimwita Kijiko, hata mwalimu mkuu. Viganja vyake vilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, na saruji ikaingia humo humo. Akauliza kama baba naye yalimtoka alipoanza kazi.

"Yalinitoka," alisema baba. "Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nililia kidogo kuliko wewe."

Jumapili, giza halijaingia, tofali la mwisho lilikaa mahali pake. Hapakuwa na rangi wala fulana safi. Jumatatu wanafunzi walirudi, wakabanana watatu watatu kwenye dawati upande wa pili wa darasa, na wanachuo wakapanda basi kurudi chuoni. Mwenyekiti alimpungia dirishani: "Kijiko, tukutane kwenye mafaili!" Yeye alibaki. Ukuta mpya hunyweshwa maji asubuhi na jioni, na mtu fulani lazima abebe ndoo. Kwa siku saba aliubebea maji mbele ya darasa zima lililokuwa likimhesabia ndoo kwa sauti, mdogo wake akiongoza.

Siku ya nane baba alifika kwa miguu yake, anachechemea. Alitoa msumari, akakwaruza kati ya tofali na tofali. Akakwaruza tena, kwa nguvu. Msumari ukapinda. Aliutazama, akautia mfukoni, akamwambia binti yake, "Sogeza dawati lako," akaondoka bila kumtazama Kijiko, kwa sababu alikuwa anatabasamu na hakutaka aonekane.

Kijiko alipofika nyumbani alimkuta mama uani. Shuka la maua lilikuwa bado linapepea mahali pa ukuta, na jirani alikuwa bado anaona sufuria. Lile jiwe bapa lilikuwa limelazwa kando ya beseni, majina juu, na mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, anasugua suruali ile ile juu ya herufi zilizochongwa. Msimamizi Mkuu wa Ujenzi alikuwa amejaa povu.

"Linafaa kweli," alisema mama. "Haya maandishi yanakwangua uchafu vizuri. Hasa hapa kwako, mmechonga kwa kina."

"Na ukuta wako, mama?"

"Nani atauchanganyia mchanga?"

"Mimi. Likizo ijayo. Na nitasugua kiganjani kwanza."

Mama aliinua suruali, akaikamua juu ya jiwe. Maji yakapita juu ya jina lake, yakaingia kwenye kila herufi, yakatoka, yakatiririka chini. Wote wawili waliinama kuyatazama.

Yalikuwa meupe.